Mashabiki wasifia tamasha, masikio yalalamika

Ukitaka kujua kama tamasha la muziki lilikuwa zuri, usimuulize shabiki usiku uleule akiwa bado anatokwa jasho. Msubiri kesho yake asubuhi, anywe chai, akae na wenzake waliokuwa uwanjani. Hapo utasikia yote: mwimbaji aliimbaje, wimbo gani uliachwa, mvua ilianza saa ngapi. Na mwisho, kwa fahari kabisa, atakwambia masikio yake mpaka sasa yanalia.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwa mashabiki wa muziki wa roki, masikio kulia ni kama risiti, ushahidi kwamba mtu alikuwepo na bendi ilipiga kweli. Kwa daktari wa masikio, kauli hiyohiyo ni dalili ya sikio lililoumizwa.

Zamani jambo hili lingekuwa la vijana wenyewe kwa wenyewe. Siku hizi mashabiki wa bendi kongwe ni akina baba na akina mama, wengine babu na bibi. Wanasimulia wakiwa mezani na watoto wanasikiliza. Na wengi hawasimulii tu, wanakwenda na watoto hao uwanjani.

Bendi ya miaka 50, mashabiki wa vizazi vitatu

Chukua mfano wa AC/DC. Kama hujawahi kuisikia, hii ni bendi iliyoanzishwa mwaka 1973 mjini Sydney, Australia, na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, waliohamia huko na wazazi wao kutoka Scotland. Muziki wao ni wa magitaa ya umeme, ngoma nzito na sauti ya juu ya mwimbaji. Albamu yao ya mwaka 1980, Back in Black, ni mojawapo ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia ya muziki duniani.

Mei 17, 2024 bendi hiyo ilianza ziara ya viwanja vya Ulaya katika mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani. Ziara iliishia Dublin, Ireland, Agosti 17. Katikati walipita kwenye Uwanja wa Wembley, London, mara mbili.

Waliotoka kwenye viwanja hivyo walikuwa na mengi ya kusimulia. La kwanza ni Angus Young mwenyewe, aliyekuwa na miaka 69 wakati huo, bado anapanda jukwaani amevaa sare ya shule, kaptula na kofia, na bado anapiga gitaa peke yake kwa dakika nyingi mfululizo huku uwanja mzima umesimama. Wanasimulia pembe nyekundu zinazowaka ambazo maelfu ya watu huzivaa kichwani. Wanasimulia kengele kubwa jukwaani, na mizinga inayolipuka kwenye wimbo wa kufungia.

La pili ni sauti ya Brian Johnson, mwimbaji, aliyekuwa na miaka 76 wakati huo. Hapa mashabiki hawakubaliani. Wapo wanaosema sauti imechoka, kuna sehemu haifiki tena. Wengine wanajibu kwamba mtu wa umri huo kuimba kwa zaidi ya saa mbili ni ajabu yenyewe, na kwamba walikwenda kumwona yeye, si kukagua koo lake.

La tatu ni watoto. Baba aliyewasikiliza AC/DC akiwa na miaka 15 sasa ana mtoto wa miaka 15, na wamesimama pamoja wakiimba maneno yaleyale. Kwa mzazi yeyote hilo ni jambo la furaha. Ni mara chache mtoto wa umri huo anakubali kuonekana hadharani na baba yake kwa saa tatu.

La nne ndilo lile la masikio.

Mwimbaji aliyeambiwa aache

Kuna sababu iliyowafanya mashabiki wengi mwaka 2024 wamtazame Johnson kwa macho ya pekee. Miaka minane kabla, walikuwa wamempoteza.

Machi 2016, bendi ikiwa katikati ya ziara Marekani, ilitangaza kuahirisha matamasha 10 yaliyobaki. Sababu haikuwa koo wala moyo. Madaktari walikuwa wamemshauri Johnson aache ziara mara moja, la sivyo angeweza kupoteza kabisa uwezo wa kusikia. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa anapata shida kuyasikia magitaa akiwa jukwaani, na aliogopa kuwaangusha mashabiki. Ziara ilimaliziwa na mwimbaji mwingine, Axl Rose wa bendi ya Guns N' Roses.

Fikiria mtu aliyesimama mbele ya spika kubwa tangu ujana wake, halafu siku moja hasikii gitaa linalopigwa hatua chache kutoka alipo.

Johnson amewahi kueleza hadharani kwamba muziki si mshtakiwa pekee. Yeye ni mpenzi wa mbio za magari, na aliwahi kuingia kwenye gari la mbio bila kuziba masikio, akaumia. Maelezo hayo hayausafishi muziki. Yanatukumbusha kwamba sikio halibagui. Injini, spika, baruti, yote yanaingia kwenye hesabu moja.

Kurudi kwake hakukuwa kwepesi. Alipata msaada wa mtaalamu wa vifaa vya kusikilizia, Stephen Ambrose, aliyemtengenezea kifaa kinachotumia mifupa ya fuvu kupokea sauti, na kazi ya kukifanya kiwe kidogo cha kutosha kuvaliwa ilichukua miaka. Oktoba 2023 ndipo AC/DC walipopanda tena jukwaani na Johnson, katika tamasha la Power Trip huko Indio, California. Ilikuwa imepita miaka saba.

Kwa hiyo shabiki anayesifia kumwona Johnson Wembley anasifia, bila kujua, ushindi wa mtu dhidi ya tatizo lilelile ambalo yeye shabiki analiita raha.

Sikio halijui raha

Sauti ikiingia sikioni hugonga ngoma ya sikio, kisha husukuma vifupa vitatu vidogo sana, kisha hufika ndani kwenye kiungo chenye umbo la konokono, kilichojaa majimaji. Humo mna chembe hai ndogo zenye vinyweleo. Mtu huzaliwa na takriban 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo hivyo vikitikiswa na sauti, chembe hizo hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ndipo unaposikia.

Mfano rahisi ni majani ya uwanja wa shule. Mtu mmoja akikatiza, majani yanalala kisha yanainuka. Wakipita watu mia kila siku palepale, majani yanakufa na panabaki njia ya vumbi. Vinyweleo vya sikio ni hivyohivyo, ila kwa tofauti moja kubwa: majani yanaweza kuota tena mvua ikinyesha. Chembe za sikio la binadamu zikifa, hazioti tena.

Mlio unaobaki masikioni baada ya tamasha, pamoja na ile hali ya kusikia kama umezibwa na pamba, ni dalili kwamba chembe hizo zimechoka au zimeumia. Mara nyingi mlio huisha baada ya saa kadhaa, au siku moja hadi mbili. Ndiyo maana watu huudharau. Lakini kuisha kwa mlio si uthibitisho kwamba kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa. Madhara mengine hujilimbikiza polepole, na huonekana miaka mingi baadaye.

Yakionekana, huanza na sauti nyembamba. Mtu anasikia kwamba unaongea, ila hashiki ulichosema. "Saa" na "taa" zinakuwa neno moja. Kwa mtu mzima, hiyo ni kero ya nyumbani. Kwa mtoto aliye darasani na wenzake wengi, mwalimu akiwa amegeukia ubaoni, inaweza kumfanya aitwe mzito, mtundu au asiyesikiliza, kumbe hasikii.

Desibeli na muda

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Tamasha la roki mara nyingi hufika 100 na kuzidi.

Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda ulio salama hupungua kwa nusu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 hivi kwa wiki nzima. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa ni cha chini zaidi, desibeli 75 kwa saa hizo 40.

Sasa piga hesabu. Tamasha la saa mbili kwa desibeli 100, bila kinga, linampa shabiki sauti ambayo sikio lake lilipaswa kuipata kwa zaidi ya mwezi. Anaipata usiku mmoja.

Kulikuwa na wakati kelele zilishindaniwa. Mei 31, 1976, bendi ya Uingereza iitwayo The Who ilipiga muziki kwenye uwanja wa klabu ya Charlton Athletic, London, kwa sauti iliyozidi desibeli 120. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwatambua kama bendi yenye sauti kubwa kuliko zote. Jina lao linafanana na kifupi cha Shirika la Afya Duniani, ila hapo kazi zilipishana. Baadaye Guinness waliacha kutambua rekodi ya aina hiyo, wasije wakahamasisha watu kuharibu masikio.

Mpiga gitaa wa The Who, Pete Townshend, ameishi na matatizo ya kusikia na mlio wa masikio. Cha kuangalia ni kwamba yeye ametaja pia hedifoni alizovaa studio kwa miaka mingi, si jukwaa tu. Mzazi ambaye mtoto wake analala na spika za masikioni, hilo ni lako.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kimataifa cha kumbi na matamasha. Kinataka wastani wa sauti usizidi desibeli 100, sauti ipimwe muda wote, watu wapatiwe kinga ya masikio, na pawepo sehemu tulivu ya kupumzikia. Shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza muziki.

Si lazima uende Wembley

Wengi wetu hatutamwona Angus Young na kaptula yake. Lakini spika tunazo. Zipo kwenye disko toto la sikukuu, ambako watoto wadogo husukumana wawe mbele kabisa. Zipo kwenye sherehe za harusi, ambako meza ya familia huwekwa karibu na muziki kwa heshima. Zipo kwenye matamasha ya bongofleva na ya injili, na kwenye gari la matangazo lililoegeshwa nje ya duka. Sikio la mtoto halijui kama wimbo ni wa Australia au wa mtaani kwao.

Kipimo cha haraka hakihitaji mashine. Msimamishe mtoto umbali wa mkono mmoja. Kama lazima upige kelele ndipo akusikie, sauti hapo ni kubwa mno kwa masikio yenu wote wawili.

Ukimpeleka mtoto kwenye muziki mkubwa, fanya haya:

*Kaa mbali na spika.* Hii ni kinga isiyo na gharama. Usiangalie jukwaa liko wapi, angalia spika ziko wapi, kwa kuwa mara nyingi zipo pembeni na hata katikati ya uwanja.

*Tumia viziba masikio.* Vile vya sponji ni vya bei nafuu na vinapunguza sauti vizuri vikivaliwa sawasawa. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono mwingine, kiingize, kisha kishikilie kwa nusu dakika mpaka kitanuke. Kikiwa kinaning'inia nje, hakijafanya kazi.

*Mtoto mdogo avalishwe vifunika masikio.* Ni vile vinavyofanana na hedifoni kubwa, kama wanavyovaa mafundi wa mashine. Viziba vya sponji havimkai vizuri, na anaweza kuvitoa akavimeza. Vifunika hivi hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, ila hakikisha vinambana mtoto bila kuacha mwanya.

*Usitegemee pamba.* Inapunguza sauti kidogo sana, halafu inakupa imani ya bure.

*Toka nje mara kwa mara.* Dakika 10 au 15 za utulivu kila baada ya saa moja hulipumzisha sikio. Tumia muda huo kumnywesha mtoto maji na kumpeleka chooni.

*Mtoto mchanga abaki nyumbani.* Hata akilala kwenye kelele, sikio lake halijalala.

Mashabiki wa zamani hupinga viziba kwa hoja moja: vinaharibu muziki. Waliovizoea husema tofauti, kwamba kelele zikipungua, maneno ya mwimbaji hushikika zaidi. Vipo pia vilivyotengenezwa maalumu kwa muziki, vinavyopunguza sauti bila kuizima. Na kumbuka kwamba wanamuziki wengi walioko jukwaani nao wamevaa vifaa masikioni. Wao walishajifunza, baadhi yao kwa gharama kubwa.

Maswali ya kesho yake asubuhi

Mtoto hujifunza zaidi kutokana na yale anayosikia yakisifiwa nyumbani. Baba akisema kwa majivuno kwamba masikio yake yanalia, mtoto anaelewa kwamba muziki mzuri lazima uumize, na akienda disko peke yake atatafuta spika kubwa kuliko zote asimame mbele yake. Simulizi ya asubuhi iendelee. Sifia gitaa, bishaneni kuhusu sauti ya mwimbaji, chekeni mlivyopotea njia ya kurudi. Mlio wa masikio uondoeni kwenye orodha ya sifa.

Badala yake, mwulize mtoto maswali matatu. Je, anasikia mlio au mvumo wowote masikioni? Je, anasikia kama amezibwa? Je, sikio moja linasikia vibaya kuliko lingine?

Akijibu hapana kwa yote, endeleeni na chai. Akijibu ndiyo kwa lolote, mpumzishe na kelele siku hiyo na inayofuata: hakuna hedifoni, hakuna televisheni ya sauti ya juu. Usimmiminie mafuta, wala usimchokonoe kwa njiti. Mlio ukipita siku mbili, au kukiwa na maumivu au majimaji yanayotoka, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, au anzia kituo cha afya kilicho karibu ili mpewe rufaa.

Jambo moja halisubiri siku mbili. Mtoto au mtu mzima akiamka sikio moja halisikii kabisa, au usikivu umeshuka ghafla, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Tiba ya tatizo hilo hutegemea sana imeanza mapema kiasi gani.

Ukimaliza kumwuliza mtoto, jiulize na wewe maswali hayohayo.